Mzinga Umejaa Nyuki Mpaka Nje: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji Anayeanza Dodoma na Kanda ya Kati

Kila mvua zikishachanganya, simu yangu hupokea picha ileile: mzinga umening'inia kwenye mgunga, na nyuki wametapakaa kuanzia mlangoni mpaka chini ya ubao. Ujumbe nao ni uleule. "Kaka, wamejaa, nifanyeje?" Kabla sijajibu vizuri, mwenye mzinga ameshagawa kundi. Wiki mbili baadaye anapiga tena: nusu moja imehama, na ile iliyobaki inaliwa na nondo wa nta, mdudu ambaye funza wake hula masega.

Kosa linalojirudia ni moja. Watu wanahukumu kwa kutazama mlango, wakati jibu liko ndani, kwenye majana. Majana ni watoto wa nyuki, tangu yai mpaka yule aliyefunikwa kwa nta. Malkia akikosa vyumba vya kutagia, kundi litaondoka hata kama nusu ya mzinga ni tupu. Akiwa na vyumba vya kutosha, nyuki wanaweza kufunika ubao wote wa mbele na wasiende popote.

Ninazungumzia mzinga wa sanduku wenye viunzi vya juu (vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'inizia masega), ambao wengi wetu Dodoma na Singida tunautumia. Mzinga wa gogo hauruhusu hatua nyingi za hapa, kwa sababu masega yake hayatoki bila kukatwa. Mwenye gogo asome Hatua ya 1 na ya 8.

## Vifaa vya kuandaa kabla

Usifungue mzinga kwanza ndipo uanze kutafuta kisu. Weka hivi vyote chini ya mti:

- Vazi la nyuki lenye wavu usoni, glavu na gambuti. Chomeka suruali ndani ya gambuti.
- Bomba la moshi, na magunzi makavu au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Usichome plastiki wala matambara yenye mafuta.
- Patasi au kisu kirefu chembamba cha kuachanisha viunzi.
- Unyoya mkubwa wa bata au kuku wa kupangusia nyuki.
- Ndoo safi ya plastiki yenye mfuniko unaobana.
- Viunzi vitupu visivyopungua 10, vilivyopakwa mstari wa nta katikati. Upana uwe milimita 32, ambao ndio kipimo cha nyuki wetu wa Afrika. Vikiwa vipana zaidi watajenga masega ya kupinda, na hutaweza kuvitoa kimoja kimoja.
- Mzinga wa pili ulio tayari kabisa: umesafishwa, umepakwa nta, na waya wa kutundikia umeshafungwa.
- Tochi yenye mwanga mwekundu. Nyuki hawaoni rangi nyekundu, hivyo hawaufuati.
- Daftari na kalamu.
- Mtu wa pili, naye akiwa amevaa vazi kamili.

Huyo wa mwisho si wa hiari. Nyuki wetu ni wakali, na mtu aliyezidiwa akiwa peke yake porini hana wa kumvuta. Funga mbuzi na mbwa mbali, waambie majirani, na kama mtu ameshawahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya kuumwa na nyuki, asikaribie. Dalili hizo zikitokea ukiwa kazini, kimbilia hospitali saa hiyohiyo, usingoje kuona kama zitapungua.

## Hatua ya 1: Usome mlango kwa siku tatu

Tazama mzinga mara mbili kwa siku: saa 8 mchana, na saa 12 asubuhi kabla jua halijapata nguvu.

Wakining'inia mlangoni kama ndevu mchana lakini asubuhi wamerudi ndani, hilo ni joto. Majana yanahitaji nyuzi 34 hadi 35 za sentigredi, na jua la Dodoma la mwezi wa kumi na wa kumi na moja hulipasha sanduku kuliko hapo. Nyuki wanatoka ili hewa ipite. Ukigawa kundi kwa sababu hiyo, umevunja nyumba isiyo na tatizo.

Dawa ya joto ni kivuli na maji. Hamishia mzinga mahali ambapo jua la mchana halilifikii sanduku, au tandika nyasi juu ya bati. Weka karai la maji karibu na manzuki, yaani mahali mizinga ilipo, ndani yake mawe yanayochomoza ili nyuki wasizame, na usiliache likauke hata siku moja.

Kama alfajiri yenye ubaridi bado wamelala nje, na mlangoni unaona msongamano wa wanaoingia na wanaotoka, nenda Hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Fungua jioni, kwa utaratibu

Anza saa 11 jioni. Kwetu jua huzama kwenye saa 12 na nusu, hivyo wakichafuka giza litawatuliza mapema. Ukifungua saa 4 asubuhi na wakachafuka, utasumbua kijiji mchana kutwa.

Simama ubavuni mwa mzinga, kamwe usisimame mbele ya mlango. Puliza moshi mara tatu au nne mlangoni, kisha subiri dakika tatu. Moshi huwafanya washibe asali na hufunika harufu ya tahadhari. Moshi uwe wa baridi. Ukiweka mkono mbele ya bomba na ukaungua, nao wanaungua.

Fungua kuanzia upande ulio mbali na majana. Nyanyua kwanza kiunzi kitupu cha mwisho ili upate nafasi, ndipo usogeze vingine kimoja kimoja. Sega likiwa limegandishwa ukutani, likate kwa kisu kutoka chini kwenda juu. Ukikata kwa kusukuma chini, sega litaning'inia kwa uzito wake na kung'oka kwenye kiunzi.

Shika kiunzi kwa ncha zake mbili na uache sega lining'inie wima. Usililaze kamwe. Sega jipya lenye asali, katika joto letu, hukatika kama ugali moto, na likikatika juu ya nyuki hutamaliza kazi jioni hiyo.

Onyo: ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu, hiyo ni harufu ya tahadhari ya nyuki. Mmoja ameshachoma na anawaita wenzake. Kwangua mwiba kwa ukucha, puliza moshi pale ulipochomwa, punguza mwendo. Harufu ikizidi, funika mzinga na urudi kesho kutwa.

## Hatua ya 3: Soma masega kabla ya kuamua chochote

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo usiwe na haraka. Hamsomi wingi wa nyuki. Mnasoma vyumba.

Toa sega moja la katikati, lipe jua mgongo ili mwanga uingie ndani ya vyumba, na utazame kuanzia katikati kwenda nje. Kwenye kundi lenye nafasi utaona mpango unaoeleweka: majana katikati, mstari mwembamba wa chavua ya njano au ya kahawia umeyazunguka, na asali juu kabisa kama upinde. Majana ya vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, yana kifuniko bapa cha rangi ya mkate. Ya madume yana kifuniko kilichovimba kama kichwa cha risasi. Asali iliyoiva ina kifuniko cheupe.

Sasa tafuta mayai. Yai ni kama punje ndogo nyeupe iliyochomekwa chini ya chumba. Lililosimama wima limetagwa leo. La siku ya tatu limelala. Ukiona la kusimama, malkia alikuwepo leo, hata kama hujamwona mwenyewe. Wanaoanza wengi hupoteza nusu saa wakimtafuta malkia huku nyuki wakizidi kukasirika. Tafuta yai tu.

Kisha tazama kitu ambacho karibu kila anayenipigia hakukitazama: vyumba vya katikati ambavyo majana yameshatoka vina nini ndani? Nimewahi kutoa sega la namna hiyo kwenye mzinga wa jirani, mwezi wa pili. Juu ya sega palikuwa na asali iliyofunikwa, na hilo ni la kawaida. Lakini pale katikati, palipotakiwa kuwa na mayai, kila chumba kiling'aa. Nilipoliinamisha kidogo tu, matone ya asali mbichi yakadondoka kwenye glavu. Malkia alikuwa anazunguka juu ya masega yasiyo na chumba hata kimoja kilicho wazi, na upande wa pili wa mzinga kulikuwa na viunzi tisa vitupu ambavyo nyuki hawajavigusa. Huo ndio msongamano wenyewe. Haukuonekana mlangoni hata kidogo.

Mwisho, kagua kingo za chini na za pembeni za masega kutafuta vyumba vya malkia. Vinaning'inia kuelekea chini, na vinafanana na karanga iliyo kwenye ganda lake. Hivi ndivyo vinavyoamua uende hatua gani:

Hakuna chumba cha malkia, ila majana yamebanwa na asali. Nenda Hatua ya 4 na 5. Kugawa hakuhitajiki.

Kuna vyumba vya malkia vyenye yai au funza, havijafunikwa. Wameamua kugawanyika. Kundi huondoka pale chumba cha kwanza kinapofunikwa, siku ya 8 au 9 tangu yai kutagwa. Una siku chache. Nenda Hatua ya 6.

Vyumba vya malkia vimefunikwa na huoni yai hata moja. Malkia wa zamani ameshaondoka na kundi lake. Usigawe, na kwa jina la Mungu usivunje vyumba vyote. Hapo ndipo mizinga mingi inapokufa: mtu anaambiwa avunje vyumba vya malkia ili nyuki wasiondoke, kumbe wameondoka jana, na anayemvunja ndiye malkia pekee waliyebaki naye. Acha viwili vikubwa vilivyonyooka, ondoa vingine ili wasitoke makundi mengine madogo madogo, funga mzinga, na usiufungue kwa wiki tatu.

## Hatua ya 4: Mpe malkia nafasi

Chagua masega mawili ya majana yaliyonyooka na kufunikwa na nyuki pande zote. Ingiza kiunzi kimoja kitupu katikati yake. Ingiza kingine mwishoni mwa eneo la majana, kabla masega ya asali hayajaanza.

Viwili vinatosha kwa mara moja. Ukiingiza vinne utayakata majana vipande, na nyuki watashindwa kuyapasha joto usiku. Usiingize kitupu katikati ya masega ya asali ambayo hayajafunikwa, kwa sababu nyuki watayanenepesha yaliyopo kuziba pengo na viunzi havitakaa tena mahali pake.

Rudi baada ya siku saba. Ukikuta sega jipya jeupe lenye mayai, umefaulu. Ongeza viunzi viwili vingine. Ukikuta kiunzi hakijaguswa, maua yamepungua au nyuki si wengi kama ulivyodhani. Kitoe.

## Hatua ya 5: Vuna kidogo, upande wa asali

Sega la kuvuna ni lile lililofunikwa robo tatu au zaidi, lisilo na majana. Asali isiyofunikwa ina maji mengi na itachacha kwenye ndoo. Pangusa nyuki kwa unyoya, kata sega ukiacha ukanda wa sentimita moja au mbili kwenye kiunzi, kisha rudisha kiunzi palepale. Ule ukanda ndio mstari wao wa kujengea tena kwa unyoofu.

Funika ndoo kila baada ya sega moja. Asali iliyo wazi huita nyuki wa mizinga yote ya jirani, na uporaji ukianza hautauzima kwa moshi.

Mimi huacha masega sita yaliyojaa kila mzinga, na ninapovuna mwishoni mwa msimu huwa mgumu zaidi kwenye hilo. Kiangazi chetu ni kirefu. Tangu mwezi wa tano mpaka migunga, mikwaju na mibuyu ichanue mvua zinapokaribia, nyuki wanakula akiba. Anayefagia asali yote mwezi wa sita asishangae akikuta mzinga mtupu mwezi wa tisa.

## Hatua ya 6: Kugawa kundi

Gawa tu kama masharti haya manne yametimia.

Kwanza, masega ya majana ni manane au zaidi. Pili, kuna madume waliokomaa, wale wanene wenye macho makubwa yanayokutana juu ya kichwa. Bila wao malkia mpya hana wa kujamiiana naye. Tatu, maua yapo na yataendelea kuwepo. Nne, tarehe haijapita katikati ya mwezi wa tatu. Malkia mpya anahitaji takriban mwezi mzima mpaka aanze kutaga, na mvua zetu huisha mwezi wa nne. Alizeti inayochanua Machi na Aprili itawasaidia wajenge akiba, lakini baada ya hapo hakuna kitu.

Sharti hili la nne nimejifunza kwa kupoteza. Mwaka wangu wa kwanza niligawa kundi zuri mwezi wa sita, kwa sababu tu nilikuwa nimepata mzinga wa pili. Nusu yenye malkia ilihama ndani ya wiki tatu. Nusu nyingine haikupata malkia kabisa, na nilipoifungua nilikuta masega yamefungwa utando wa nondo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Lilikuwa kundi lililokomaa, ndilo lililonilea mimi kwenye kazi hii, na nililiua kwa haraka.

Kama masharti yametimia, fanya hivi:

1. Weka mzinga mpya karibu na wa zamani, usawa wa mikono yako.
2. Hamishia masega manne ya majana pamoja na nyuki wake. Hakikisha kila upande una angalau sega moja lenye mayai na funza wadogo sana. Nyuki hutengeneza malkia kutokana na funza asiyezidi siku tatu tangu kuanguliwa, hivyo bila mayai upande usio na malkia umeshakufa.
3. Vyumba vya malkia visikae upande mmoja tu. Sega lenye vyumba hivyo usilikung'ute, maana funza wa ndani ataharibika.
4. Ongeza masega mawili ya asali na chavua kila upande, nje ya majana. Yapange kama yalivyokuwa: majana pamoja, chakula pembeni.
5. Kung'uta nyuki wa masega mawili mengine ya majana ndani ya mzinga mpya. Hawa wengi ni walezi ambao hawajaanza kwenda porini, na watakaa. Wachumaji watarudi kwenye mzinga wa zamani, ndiyo sababu bila kukung'uta huku mzinga mpya hubaki na nyuki wachache mno.
6. Jaza nafasi zote kwa viunzi vitupu, funika.
7. Punguza mlango wa mzinga mpya kwa kipande cha ubao ubaki upana wa vidole viwili, ili waweze kuulinda.
8. Giza likishaingia, ziba mlango kwa wavu na uuhamishie kilomita 3 au zaidi kama una mahali. Kama huna, utundike upande wa pili wa manzuki. Paka grisi kwenye waya kuzuia sisimizi, na utundike juu nyegere asifikie.

Hukulazimika kumwona malkia. Hujui yuko wapi, na hilo si tatizo.

## Hatua ya 7: Siku ya 4, kisha uache

Siku ya 4 jioni, fungua kila mzinga kwa haraka na utazame masega mawili tu. Penye mayai mapya ndipo alipo malkia wa zamani. Penye vyumba vipya vya malkia na hakuna yai, hapo wanajitengenezea. Andika.

Kama nusu yenye malkia bado ina vyumba vya malkia vya awali, viondoe sasa, kwa sababu huku unajua malkia yupo.

Ile isiyo na malkia usiifungue tena mpaka siku ya 28. Najua ni vigumu. Malkia hutoka chumbani ndani ya wiki mbili tangu ulipogawa, kisha anapaa kujamiiana, na mtikisiko wakati huo unaweza kumpoteza. Kaa mbali utazame mlango: nyuki wakiingia na chavua miguuni kwa wingi, dalili ni njema.

Siku ya 28 mafanikio yanaonekana hivi: yai moja kwa kila chumba, chini katikati, yamepangwa kwa mfululizo. Ukikuta mayai mawili matatu katika chumba kimoja, yamebandikwa ukutani, vibarua ndio wanaotaga na hawatazaa ila madume. Ukikuta hakuna yai kabisa, subiri wiki moja, kisha mpe sega moja lenye mayai kutoka nusu nyingine.

Hilo nalo likishindikana, unganisha. Hamishia masega yaliyobaki kwenye mzinga wenye malkia, jioni, ukitenganisha makundi mawili kwa karatasi ya gazeti iliyotobolewa kwa msumari, izibe kutoka ukuta hadi ukuta. Wataitafuna kwa siku chache huku wakizoeana harufu.

## Hatua ya 8: Kama wameshatoka na wako mtini

Kundi lililotoka na kuning'inia tawini huwa limeshiba asali na halina watoto wa kulinda, hivyo kwa kawaida ni pole. Vaa vazi hata hivyo. Wanyunyizie maji kidogo, weka sanduku chini yao, kung'uta tawi mara moja kwa nguvu. Malkia akiingia, utaona nyuki mlangoni wameinua mikia wakipepea mbawa, na waliobaki hewani wanaingia wenyewe.

Wape sega moja la majana mabichi kutoka mzinga mwingine. Nyuki hawapendi kuacha watoto, na sega hilo ndilo linalowazuia kuondoka kesho yake. Acha sanduku palepale chini ya tawi mpaka giza, ndipo ulipeleke kwenye manzuki ukiwa umeziba mlango.

Mwenye mzinga wa gogo unaomwaga nyuki kila Januari atundike sanduku tupu lililopakwa nta, mita mbili au tatu juu, kwenye kivuli, mwezi wa kumi na mbili kabla hawajaanza kutoka. Lipakwe upya kila wiki mbili na lifagiwe buibui.